Kupanda leleshwa nyumbani kwenye sehemu kavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Leleshwa naipenda na sitaficha. Maswali yanayokuja ni yale yale kila msimu, mengi yanatoka kwa watu wenye ploti kavu, upepo na vumbi, maji ya kununua, na wameshachoka kupanda maua ya kukauka kila Januari, sasa nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Kama hauna muda wa kusoma yote nenda moja kwa moja kwa lile la maji, manake maji ndo yanaua leleshwa nyingi zinazopandwa nyumbani.

Leleshwa ni mmea gani hasa, na nikiiona nitaijuaje?

Ni kichaka, na ukikiacha kinakuwa mti mdogo. Kawaida inafika mita 2 hadi 6, zingine zikipata nafasi zinagonga 9. Kitaalamu inaitwa Tarchonanthus camphoratus, jina ambalo Linnaeus aliliandika mwaka wa 1753, na iko familia moja na alizeti ingawa ukiitazama huwezi kudhani. Inaota kuanzia Afrika Kusini, inapanda huku kwetu Afrika Mashariki mpaka Ethiopia, na ng'ambo ya bahari kule Arabuni pia iko.

Kuijua ni rahisi, shika jani. Juu ni kijani cha kijivu, chini ni nyeupe kabisa, limefunikwa na manyoya mafupi yaliyobanana kama blanketi, ukipitisha kucha yanatoka na pale ulipokwaruza kijani kinaonekana. Alafu lifikiche unuse. Ile harufu ya kafuri ikishakuingia puani mara moja hautaisahau. Kuna wanaoichanganya na mkafuri wenyewe, ule wa Asia, lakini ule ni mti mkubwa wa majani ya kung'aa na hauna undugu na leleshwa hata kidogo.

Si ni ile ya kuchoma makaa tu? Na imejaa porini, niipande ya nini?

Hili huwa linaniuma kidogo. Ni kweli mbao yake ni ngumu, nzito, na makaa yake yanasifiwa, ndio maana sehemu za Naivasha na Narok imekatwa sana. Lakini hebu fikiria ni mmea gani mwingine utapata wa kukaa na majani mwaka mzima, kiangazi chote, bila wewe kubeba ndoo? Inakinga upepo na inapunguza vumbi, ukitaka ukuta wa kujificha macho ya jirani unaukata vile unavyotaka, na rangi yake ya kijivu inapendeza sana ikiwa karibu na mawe au udongo mwekundu. Upepo ukipita na kugeuza majani kichaka chote kinabadilika kuwa cheupe kwa sekunde chache alafu kinarudi. Watu wanalipa pesa kuleta mimea ya nje ya kijivu kutoka mabara mengine na hii iko hapo ng'ambo ya barabara.

Sehemu yangu itaifaa?

Ukitaka kujua inapenda nini angalia kule inakoishi yenyewe. Chukua Naivasha: ziwa liko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mvua ni kama milimita 600 hivi na kidogo kwa mwaka kwa sababu milima ya Nyandarua inaizuia ikitoka mashariki, jua kali mchana, usiku baridi, udongo wa volkano mwepesi unaopitisha maji haraka. Hapo leleshwa imejaa, ukienda Hell's Gate au ukizunguka Elementaita na Nakuru utaiona kwenye miteremko ya mawe. Kwa hivyo kama uko na jua la kutosha, mteremko kidogo, kokoto, udongo mwekundu au wa majivu ya volkano, uko sawa. Baridi ya usiku haiitishi, hata jalidi nyepesi inavumilia ikishakomaa, ingawa mche mdogo unaeza kuungua ncha.

Mahali pa wasiwasi ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa kupasuka kiangazi na kushika viatu mvua ikinyesha. Sio ati haiwezekani, lakini itabidi uinue tuta la nusu mita hivi la udongo uliochanganywa na kokoto na upande juu yake. Kivuli pia haifai. Chini ya mti mkubwa itaota lakini itakuwa ndefu, nyembamba, imelala upande mmoja ikitafuta mwangaza.

Nipande wakati gani?

Mwanzo wa mvua, na mimi nachagua ile ya masika, kuanzia mwisho wa Machi udongo ukishalowa vizuri, manake inapata wiki nyingi za kusukuma mizizi kabla jua halijarudi. Vuli ya Oktoba na Novemba ni sawa pia ila ujue Januari na Februari utakuwa wa kuimwagia. Usipande kiangazi ati kwa sababu inavumilia ukame. Inavumilia ukame ikishakuwa na mizizi, mche wa jana hauna.

Shimo lichimbwe vipi, na niweke samadi kiasi gani?

Samadi, usiweke. Najua kila mtu amefundishwa debe moja la samadi kwa kila shimo na kwa maparachichi ni sawa kabisa, lakini leleshwa ukiilisha hivo inatoa matawi marefu laini, majani makubwa yasiyo na ule weupe wake, alafu upepo wa kwanza mkali unaiangusha. Kama udongo wako ni mchanga mtupu basi konzi moja ya mboji iliyoiva, uchanganye, imetosha.

Shimo liwe na upana mara mbili ya mfuko wa mche, kina sawa na mfuko, usizidishe. Ukimaliza kuchimba lijaze maji kwanza na uende ukafanye kazi nyingine. Ukirudi baada ya saa mbili tatu maji yakiwa bado yamesimama hapo, tafuta mahali pengine au inua tuta, usijidanganye ati yatanywewa pole pole. Maji yakiisha, kwaruza kuta za shimo na jembe zisiwe laini, kwa sababu mizizi ikikuta ukuta laini inazunguka ndani kwa ndani kama bado iko kwa mfuko. Toa mche kwa upole, kama mizizi imejizungusha chini ifungue na vidole, weka shina usawa ule ule lilivyokuwa, rudisha udongo ule ule uliotoa, kanyaga kidogo, mwagia.

Juu weka kokoto au mawe madogo badala ya nyasi. Mawe yanazuia maji yasikauke haraka na hayaleti mchwa. Yasiguse shina.

Nimwagie maji kiasi gani na mara ngapi?

Hapa sasa tukae kidogo.

Mwezi wa kwanza, kama mvua haijanyesha, mara mbili kwa wiki, lita 5 hivi kila mche, na umwage pole pole mpaka ziingie zote. Kuanzia mwezi wa pili mara moja kwa wiki lakini sasa lita 10. Baada ya mwezi wa tatu au wa nne kila wiki mbili. Mvua ikinyesha vizuri unaruka. Ukishavuka kiangazi cha kwanza kizima na mmea umetoa matawi mapya mvua iliporudi, unaacha. Kama sehemu yako ni kavu kupita kiasi unaeza kusaidia kiangazi cha pili mara moja kwa mwezi, lakini kama iko sehemu kama zile za Bonde la Ufa nilizotaja hapo juu haitahitaji.

Cha muhimu kuliko idadi ni maji yaende chini. Ukipitisha mpira wa maji kila jioni dakika moja unalowesha sentimita chache za juu, mizizi inabaki huko huko juu kwa sababu ndiko maji yaliko, alafu siku ukisafiri wiki mbili unakuta imekauka na unalaumu mmea. Ukimwaga mengi kwa mpigo na ukaacha udongo ukauke katikati, mizizi inayafuata maji yakishuka, na huko chini ndiko itakunywa kiangazi chote wewe ukiwa umelala. Njia rahisi ni kuchukua mtungi wa plastiki wa lita 5, toboa tundu dogo chini na msumari, uweke kando ya mche sio juu ya shina, ujaze na uende zako.

Kabla ya kumwagia ingiza kidole au kijiti sentimita kama 10 chini. Kikitoka na unyevu, rudisha maji jikoni. Na usimwagie majani, yale manyoya yanashika maji, na mahali penye hewa nzito yanaanza kuoza na madoa meusi.

Majani yamekuwa manjano na yanaanguka. Ni kiu?

Mara nyingi ni kinyume chake. Ikiwa na kiu majani yanajikunja kidogo, yanapoteza uhai wa rangi, yale ya chini yanakauka na kuanguka yakiwa makavu ya kuvunjika. Ikiwa imezidiwa na maji yanakuwa manjano yakiwa bado laini, na ukichimba kidogo karibu na shina udongo unanuka vibaya. Kwaruza gome la tawi kidogo na kucha: kukiwa na kijani chini yake tawi liko hai, kukiwa na kahawia kavu limekufa, shuka chini ukwaruze tena mpaka upate kijani na ukate hapo juu kidogo.

Iliyozidiwa na maji, acha kumwagia kabisa, ondoa chochote ulichofunika juu, toboa mashimo kuizunguka na chuma au uma wa shamba hewa iingie. Zingine zinarudi. Shina likiwa limelainika pale chini penye udongo, ng'oa upande nyingine na usiirudishe shimo lile lile.

Naeza kung'oa miche porini?

Ndani ya hifadhi ya taifa hapana, hairuhusiwi kutoa mmea, na shamba la mtu unaomba ruhusa. Lakini hata ukiruhusiwa, mimi nakukataza kwa sababu nyingine: yale machipukizi unayoona mara nyingi yameshikamana na mzizi mkubwa wa mama, unavuta unapata fimbo haina mizizi yake. Na mche wa mbegu uliootea kwenye mawe una mzizi umeshuka mbali kuliko urefu wake wa juu, ukiukata umeumaliza. Nasari zinazokuza miti ya kienyeji ziulize, na wasipokuwa nazo waambie wakuoteshee, watu wakiulizia ndo wanaanza kuziweka. Chagua mche mfupi mnene badala ya mrefu uliokaa kwa mfuko mpaka mizizi ikatokea chini.

Nataka kuotesha mbegu mwenyewe, nifanyeje?

Mbegu ziko ndani ya vile vipamba vyeupe. Utaona mti umejaa weupe juu kama umenyunyiziwa pamba, huo ni wa kike na ndo wa kuchuma. Chuma vipamba vikiwa vimefunguka na vinaanza kubebwa na upepo, asubuhi kabla upepo haujaanza ni rahisi zaidi. Ndani ya kila kipamba kuna mbegu ndogo sana. Kuitenganisha ni kazi ya uvumilivu: tia kwenye beseni na mchanga mkavu, sugua na viganja, pamba inajikusanya juu mbegu zinabaki na mchanga, na hauna haja ya kuzitoa kwenye huo mchanga, mwaga vyote pamoja kwenye trei.

Trei iwe na mchanga mwingi na mboji kidogo iliyochekechwa. Tandaza, funika na mchanga mwembamba sana, wa kuficha tu mbegu isionekane, ukizika haitoki. Loweka kutoka chini kwa kuweka trei kwenye sufuria ya maji mpaka juu kulowe, manake ukimwaga kutoka juu zinaogelea zote upande mmoja. Weka mahali penye mwanga lakini jua la saa sita lisizipige.

Alafu ujue mapema kwamba nyingi hazitaota. Vipamba vingi huwa tupu ndani, na kama hakukuwa na mti wa kiume karibu kabisa hakuna kitu. Panda nyingi kuliko unavyohitaji, tumia mbegu mpya ya msimu huo, na usivunjike moyo zikitoka kwa kupokezana, moja leo, tatu wiki ijayo. Zikipata majani manne hivi hamisha kwenye mifuko, ukishika jani na sio kishina.

Na vipandikizi?

Vinashika, na kama umeona mti una umbo au rangi unayoipenda hii ndo njia ya kuupata huo huo. Kata ncha za matawi ya mwaka huu ambayo yameanza kukazana lakini bado yanapinda, yasiwe na maua, urefu sentimita 10 hadi 15, ukate chini kidogo ya jicho. Ondoa majani nusu ya chini. Chovya homoni ya mizizi kama unayo, ingiza kwenye mchanga wa chembe kubwa wenye unyevu kidogo, weka kivulini. Watu wanafunika na mfuko wa plastiki kama wanavyofanya kwa maua mengine na hapo ndo inaharibika, majani ya manyoya yakifungiwa unyevu yanaoza kabla mizizi haijatoka. Acha hewa ipite, nyunyizia mchanga tu. Kuanzia mwezi mmoja hadi miwili vuta kidogo, ikikataa kutoka imeshika.

Kuna ya kiume na ya kike kweli?

Kweli, maua ya kiume yanakaa kwa mmea wake na ya kike kwa mwingine. Kwa kinga upepo haijalishi. Kama unataka ile pamba nyeupe unahitaji wa kike, na ukitaka mbegu nzuri wote wawili. Kutoka kwa mche mdogo huwezi kujua, subiri ichanue, ndio maana napenda vipandikizi, unajua mama yake ni nani.

Nataka ua wa kuzunguka ploti, nipande kwa umbali gani?

Ua wa kukatwa katwa, mita 1 hadi 1.5. Ukuta wa upepo usiokatwa, mita 2 hadi 3, na ukiweza panda mistari miwili kwa kupishana. Moja ya kusimama peke yake iache mita 3 kutoka kwa ukuta wa nyumba. Haina miiba, kwa hivyo kama shida yako ni ng'ombe au mwizi changanya na kitu chenye miiba upande wa nje, leleshwa peke yake haimzuii mtu.

Naikata lini na kiasi gani?

Mwaka wa kwanza bana tu ncha, sentimita chache, ili ijae chini. Wengi wanaogopa hapa wanataka kwanza iwe ndefu, alafu wanapata ua wenye majani juu na miguu mitupu, na kuirekebisha inachukua muda zaidi kuliko kungoja. Baada ya hapo kata mara moja au mbili kwa mwaka mvua ikikaribia kuisha, na chini pawe papana kuliko juu kidogo ili mwanga ufike huko. Ikizeeka na kuchanganyikiwa unaeza kuikata karibu na ardhi, inachipuka upya kutoka kwenye kisiki, ndivyo inavyofanya porini baada ya moto. Ukitaka mti badala ya kichaka chagua shina moja au matatu, ondoa mengine, na uendelee kutoa machipukizi ya chini. Gome la miti mizee lina mipasuko mirefu ya kahawia, likionekana linapendeza kweli.

Nimesikia inashika moto haraka, ni hatari karibu na nyumba?

Hiyo ichukuliwe kwa uzito. Yale mafuta yenye harufu nzuri yanafanya iwake hata ikiwa mbichi. Usiipande ikigusa paa, usiipande karibu na mahali unapochomea takataka au penye bomba la moshi, na kiangazi kikianza fyeka nyasi kavu chini yake na uondoe matawi yaliyokufa. Kwa sababu hiyo hiyo usiunganishe ua wa leleshwa moja kwa moja mpaka kwenye nyumba ya nyasi au banda la nyasi kavu, acha nafasi.

Mbuzi wanakula?

Wanakula, hasa malisho yakiisha, na porini twiga na swala pala pia wanaiguguna. Ikishapita kimo cha mbuzi itajitetea, mche uwekee wavu au matawi ya miiba mwaka mmoja au miwili. Mbali na hao haina maadui wengi, sijaona sababu ya mtu kununua dawa ya kupulizia.

Itakaa kwenye chungu?

Kwa miaka michache, chungu kikubwa chenye matundu, nusu kokoto. Itahitaji maji zaidi kuliko ardhini, na haitakuwa na raha.

Nipande na nini pamoja?

Chochote kisichotaka maji. Shubiri za kienyeji zenye maua ya rangi ya chungwa mbele ya leleshwa ya kijivu, hiyo ndo napenda kuliko zote, na ndege chozi wanafuata. Mkonge pori chini yake, nyasi za kienyeji zikikatwa mapema. Usiweke karibu na bustani ya mboga au majani ya uani yanayomwagiwa kila siku, mmoja wao atateseka na mara nyingi ni leleshwa.

Haitasambaa ikajaa kila mahali?

Kwenye malisho yaliyochoka kwa kulishwa kupita kiasi inasambaa, wafugaji wanajua. Nyasi zikiisha yenyewe inachukua nafasi. Nyumbani ukiona miche usiyoitaka ing'oe ikiwa kimo cha kidole, au panda vipandikizi vya kiume peke yake na hautakuwa na mbegu za kupeperuka.

Majani yanatumika kwa nini?

Wamaasai na Wasamburu wanayatumia tangu zamani kama manukato ya mwili, hasa kwapani, na siku hizi mafuta yake yanakamuliwa na kuuzwa. Ukikausha matawi machache uyatundike chumbani harufu inakaa. Kuhusu kunywa kama dawa mimi sitoi vipimo, na mama mjamzito asinywe. Chuma kidogo kidogo kutoka pande zote, na mmea mchanga usiuchume kabisa mpaka upite kiuno chako.

Itachukua muda gani kabla niuone ukuta?

Mwaka wa kwanza utadhani imelala kwa sababu kazi yote iko chini. Ikishashika inaongeza zaidi ya nusu mita kwa mwaka mvua zikiwa nzuri, kwa hivyo miche ya kimo cha goti iliyopandwa mita moja moja itakuwa imegusana na kufika kifuani kama mwaka wa tatu. Ikichelewa usikimbilie samadi, angalia kwanza kama inapata jua la kutosha na kama kuna mtu hapo nyumbani anaimwagia jioni bila wewe kujua.